Sanduku la Arobaini na Moja

Akiba haiozi, husema wahenga.
Wahenga hawakushuka ngazi hizi kumi na nne
hadi chini ya kanisa la Chuo cha Elmdal,
ambako bomba la mvuke, kwa miaka na miaka,
limekuwa likiitemea mate mihtasari ya Baraza
mpaka kurasa zikagandana
kama chapati zilizopangwa zikiwa moto.

Nje ni Februari ya Minnesota.
Theluji imeziba kidirisha hadi nusu,
mwanga unaingia na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.
Nina penseli (wino huku ni haramu),
nina kisu butu cha kung'olea pini,
na nina Pahoua, mwanafunzi wa mwaka wa pili,
anayelipwa kwa saa na kuuliza kwa dakika:
"Na hii, tutupe?"

Matangazo ya mandari ya 1954, nakala mia tatu:
bakiza mbili.
Hotuba za Mkuu wa Chuo Stenerson,
aliyekuwa na maneno mengi kuliko wasikilizaji:
masanduku tisa, Mungu atupe subira.
Wasichana saba wa mpira wa kikapu,
sketi zinafagia viatu, hakuna anayecheka.
Nageuza picha nitafute majina.
Mtu ameandika: "Sisi."

Daftari la ada, 1893.
Nils Brekke, muhula mmoja:
magunia sita ya viazi
na nguruwe mmoja "mwenye afya ya kuridhisha."
Pahoua anacheka mpaka anakaa sakafuni.
Kisha ananyamaza.
Baba yake, anasema, hulipa ya kwake
kwa zamu za usiku, kiwanda cha bata mzinga,
mikono ndani ya barafu.
Anachukua folda mpya, anaandika polepole: ADA.

Halafu mishahara.
Profesa Lindquist, Kilatini, dola sitini.
Profesa Aaberg, Hisabati na Kinanda, hamsini na tano.
Balder, farasi, shayiri: dola mbili.
Mpishi: kumi na nane.
Mpishi: kumi na nane.
Nafunua, nafunua, 1902, 1910, 1929,
Mpishi, Mpishi,
na farasi ana jina.

Wiki tatu tulimtafuta.
Alikuwa katika sanduku la arobaini na moja,
lililoandikwa MENGINEYO,
kati ya hati ya makaa ya mawe na bei za kengele:
karatasi moja, Kinorwe cha jikoni,
lugha ya bibi yangu alipokasirika.
*Bomba la moshi limeziba. Nimeomba mara nne.
Wasichana wangu wanakohoa. R. Tveiten.*
Pembeni, kwa mwandiko mzuri wa Stenerson:
Iahirishwe.

R.
Ragnhild? Randi? Rikka?
Tumeuliza makaburi, tumeuliza kanisa la pili,
tumempigia simu Tveiten mmoja wa Fargo
anayeuza matrekta, na hajui.

Kazi yetu ina mwiko:
karatasi usiitenge na jirani zake.
Aliyeiweka pale, hata kama ni kwa dharau,
dharau yake nayo ni historia.
Basi sikuihamisha. Nilitaka, lakini sikuihamisha.
Ila kwenye orodha, nilipo na uhuru kidogo,
nimempa mstari wake mwenyewe:
*Tveiten, R., mpishi. Moshi. Tazama pia: Stenerson.*

Pahoua ameinusa barua. "Kitunguu," anasema.
Ukungu, nikamjibu, ni ukungu tu,
vaa glavu.
Alipokwenda kula nikainusa mwenyewe,
na sitaandika popote nilichokisikia.

Yamebaki masanduku mia mbili na sita.
Nimeandika kwa uongozi kuhusu bomba la mvuke,
hii ni mara ya tatu.
Tone. Nasogeza ndoo.
Tone.